Upande wa Ukutani

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba namba tatu akimtazama mzee ambaye, kwa mujibu wa karatasi iliyokuwa mkobani mwake, alikuwa ameuza nyumba yake jana mchana bila kutoka kitandani.

Kazini Inspekta alijulikana kama Kobe. Wenzake walimwita hivyo kwa utani, na mkuu wake wa kituo kwa meno yaliyoumana, maana mama huyu hakuwahi kukubali kukimbizwa na mtu. Leo alikuwa anakimbizwa na gari la wagonjwa. Saa sita kamili lingekuja kumchukua mzee kumpeleka hospitali kubwa, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kujaa kichwani mwake baada ya kiharusi na ilibidi awekewe mrija wa kuyatoa. Huko angesuguliwa mwili mzima kwa dawa, angenyolewa, angelazwa usingizi, na daktari hakutaka kuapa kwamba angeamka na akili hizi hizi. Lolote alilolijua mzee, au lililobaki mwilini mwake, lilikuwa na saa mbili kasoro dakika kumi.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Jana, dakika chache kabla ya saa kumi, dalali mmoja alipeleka ofisi ya ardhi mkataba wa mauziano ya nyumba ya mzee pamoja na karakana yake ya saa, ukiwa umetiwa dole gumba la muuzaji. Karani aliyeupokea alikuwa mteja wa mzee na alijua kuwa mzee yu hoi wodini wiki ya tatu sasa. Akampigia simu binti yake. Dalali alipobanwa alisema dole lilitiwa wodini mchana ule ule, kisha akaomba kwenda msalani na kuingia mitini. Mtaalamu wa alama za vidole akathibitisha kuwa dole ni la mzee kweli, bila kuandika ni la mkono upi. Fomu ilikuwa imenunuliwa dirishani jana saa sita, na wodi haifunguliwi kwa wageni ila saa nane hadi saa tisa.

Mzee mwenyewe alipoulizwa nani alimjia saa hiyo, alijibu bila kupepesa macho.

"Nesi tu. Hakuja mtu mwingine."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza nesi. Kabla ya magharibi alikuwa amevuliwa zamu na kuambiwa arudi asubuhi kusikiliza hatima yake.

Simu ya Inspekta ikatetemeka. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Umeshamtia pingu?"

"Bado, Afande."

"Shahidi kamtaja. Dole ni la mwenyewe. Unangoja nini, malaika ashuke? Saa sita nataka nimwone hapa mbele yangu."

"Saa sita, Afande," alisema Inspekta, akairudisha simu mkobani.

Akaingia ndani. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kila upande, vichwa vikielekea dirishani na miguu mlangoni, na njia pana katikati. Mzee alilala kwenye kitanda cha kulia unapoingia. Ubavu wake wa kulia ulitazama njia, na ubavu wa kushoto ulikuwa umebanwa na ukuta, pakiwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja tena kwa kujikunja. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu tangu juzi.

Juu ya kimeza palikuwa na sahani ya viazi vya kupondwa, chakula cha mwisho alichoruhusiwa kabla ya upasuaji. Inspekta aliiinamia. Nusu ya kulia ilikuwa imekombwa ikang'aa. Nusu ya kushoto haikuguswa, na mpaka kati yao ulinyooka kama uliokatwa kwa kisu.

"Hukushiba, mzee?"

Mzee alimgeuzia uso. Shavu la kulia lilikuwa limenyolewa vizuri, la kushoto lina ndevu za tangu jana.

"Nishibe nini? Watu wa hapa ni wachoyo, mama. Wananipa nusu sahani."

Inspekta aliitazama tena sahani, kisha lile shavu. Akatoka taratibu kwenda kumtafuta matroni.

Matroni alikuwa mwanamke mrefu aliyeshika funguo zake kama mtu anayeogopa kuibiwa hata hewa. Alimsikiliza Inspekta huku akitikisa kichwa.

"Haiwezekani. Yule amesimamishwa. Nikimruhusu amguse mgonjwa na mambo yakaenda kombo, unga wangu nao utamwagika."

"Sikuomba amguse. Naomba anisomeshe. Ndiye aliyemhudumia wiki tatu."

"Manesi wako wengi."

"Wengi hawakutajwa na mzee. Matroni, hadi saa sita huyu mzee ni shahidi wangu. Ikiwa nesi ni mwizi, nataka nimchukue nikiwa na uhakika. Ikiwa si mwizi, wewe utakuwa umemfukuza mtu bora wa wodi yako. Lipi litakalokunyima usingizi?"

Matroni alitafuta ufunguo mmoja katikati ya funguo nyingi. Nesi alikuwa amekaa kwenye chumba cha dawa, mikono mapajani, macho makavu ya mtu aliyelia mpaka machozi yakaisha. Alikuwa msichana mnene kidogo, na kwenye mfuko wa gauni lake la kazi bado kulikuwa na kitochi cha kumulikia macho ya wagonjwa. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya.

"Jana saa nane mpaka saa tisa," alisema Inspekta.

"Saa nane kamili nilimpima mzee, Afande. Nane na robo mgonjwa wa chumba namba sita akashikwa na kifafa. Nilikaa naye hadi tisa kasoro dakika ishirini. Nimeandika kwenye chati yake."

"Nani alikuona?"

"Yeye mwenyewe, na alikuwa hajitambui."

"Bahati yako mbaya." Inspekta alivuta kigoda akakaa. "Sasa nieleze hivi. Kwa nini mzee anakula nusu sahani?"

Nesi aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana mtu kumuuliza jambo analolijua.

"Kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kulia. Mkono na mguu wa kushoto vimepooza. Lakini kuna na jingine, Afande. Ubongo wake umesahau kwamba kuna kushoto. Macho ni mazima, nimeyapima mara zisizo na idadi. Ila kilicho upande huo kwake hakipo. Hakitafuti na hajui kama amekikosa. Kila asubuhi nampa kioo ajinyoe mwenyewe, halafu namalizia mimi shavu la pili. Leo hakukuwa na wa kumalizia."

Alifungua faili lililokuwa mezani akatoa karatasi. Mzee alikuwa ameombwa achore saa. Duara lilikuwa zuri, limekamilika, mkono wa fundi. Lakini tarakimu zote, moja hadi kumi na mbili, zilikuwa zimesongamana upande wa kulia, zimekanyagana, na upande wa kushoto ulikuwa mweupe kabisa.

"Nilimuuliza kama imekamilika," alisema nesi. "Akanicheka. Akaniambia anatengeneza saa tangu mama yangu hajaolewa."

Inspekta aliishika karatasi ile muda mrefu. Saa iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe ilikuwa imepita mikononi mwa mzee miaka minane nyuma, na haijachelewa hata dakika moja. Akairudisha karatasi failini.

"Kwa hiyo akisema hakuja mtu ila wewe," alisema pole pole.

Nesi aliinuka. "Mungu wangu. Jana nilisimama kulia kwake. Nasimama kulia nikipima, ili anijibu."

"Usimshukuru Mungu bado. Twende tukajaribu."

Koplo wa Inspekta alikuwa jitu la kuziba mlango. Inspekta alimwambia avue viatu na apite uchochoro wa ukutani bila kukohoa. Koplo alijikunja, akavuta tumbo ndani, akapenya hadi karibu na mto na kusimama pale kama kabati. Inspekta na nesi walisimama upande wa njia.

"Mzee, hujambo tena?" alisema nesi. "Unajua uko wapi?"

"Hospitali. Na wewe umechelewa leo."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi. Mbona kila siku unauliza, huna kalenda kwenu?"

Nesi alitabasamu kwa nguvu, kisha akamnong'oneza Inspekta, "Jana alikuwa akinisikia hatua zangu anafungua macho. Leo nimemwita ndipo akafungua. Maji yanazidi."

"Mzee," alisema Inspekta, "tuko wangapi humu ndani?"

Mzee aliwatazama. "Watatu. Mimi, wewe, na mwanangu huyu nesi."

Koplo aliinama akaushika mkono wa kushoto wa mzee, akauinua hewani kabisa. Mzee hakugeuka.

"Bado watatu?"

"Mama, hata kuhesabu kunakushinda?"

Inspekta aliuelekeza uso wa mzee taratibu mpaka macho yakaufikia ule mkono. "Na huu mkono ni wa nani?"

Mzee aliutazama kwa ukarimu wa mtu anayeonyeshwa mzigo wa jirani. "Sijui. Labda wa mwenzangu aliyelala hapa. Mwambieni autoe, unanibana."

Hakuna aliyecheka, hata Koplo.

"Unaona ulivyokunjwa?" alisema nesi. Mkono ulikuwa umefumba ngumi ngumu. "Hujifunga wenyewe. Kila asubuhi nafungua, naosha kiganja, naweka kitambaa kilichoviringishwa ili kucha zisimchome. Dole gumba nalitoa nje. Siku zote nalitoa nje." Aliinama karibu zaidi. "Afande. Dole liko ndani."

"Nani alikagua mkono huu jana jioni?" Inspekta alimuuliza Koplo.

Koplo alijikuna shingo. "Tulikagua wa kulia. Ulikuwa safi. Huu, tukasema, nani atachukua dole kwenye mkono usiofunguka?"

"Mtu mwenye subira. Fungua, nesi. Vaa glavu."

Nesi hakuvuta vidole. Alikunja kifundo cha mkono kwanza, polepole, mpaka ngumi ikalegea yenyewe, akaanza na kidole cha mwisho. Kitambaa kilikuwa kimeviringishwa ovyo, tena kinyume. Ndani yake palikuwa na doa la bluu. Na lile dole gumba, lililofichwa katikati ya kiganja chenye jasho, lilikuwa limekolea wino.

Koplo akapiga picha. Kitambaa kikaingia kwenye bahasha. Inspekta alimtazama nesi usoni.

"Wewe ungekuwa umefanya hivi, saa moja asubuhi ungefungua ngumi na kuosha wino wako mwenyewe. Na kitambaa ungekiviringisha unavyojua."

"Saa moja leo nilikuwa nimefungiwa chumba cha dawa."

"Najua. Mkuu wangu atasema hiyo ndiyo sababu umeshindwa kuosha." Inspekta alilirudisha dole ndani, akafunga ngumi kama ilivyokuwa. "Hainitoshi. Namtaka aliyepita kwenye uchochoro huu. Mtu anayeingia humu kwa nia njema atasimama njiani, palipo na nafasi. Aliyejikunja kupita ukutani alijua hataonekana. Ulimfundisha nani habari za kushoto?"

"Ndugu. Wiki ya kwanza niliwaita niwaonyeshe namna ya kukaa naye. Walikuja wawili, binti yake na mpwa wake. Majina yapo."

Kwenye kitabu cha wageni cha getini, jana kati ya saa nane na saa tisa, familia hii ilikuwa imetia saini mara mbili. Mpwa, nane na dakika tano. Mume wa binti, nane na dakika ishirini.

Mpwa alikutwa kwenye benchi la nje, kijana wa miaka thelathini aliyefanya kazi karakanani kwa mjomba wake. Alisimama kumpa Inspekta mkono, na Inspekta akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi.

"Nini hii?"

"Rangi ya mikanda ya saa, shangazi. Haitoki hata kwa mchanga."

Inspekta aliinusa. Ilinuka rangi ya viatu, na ilikuwa nyeusi tii, si bluu. "Jana ulikuja, mjomba wako hakukuona."

"Sikufika chumbani. Nilipanga foleni dukani kwa dawa, nikapewa tisa kasoro dakika tano, mlango ukafungwa." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Muhuri wa duka la dawa la hospitali ulikuwa na tarehe na saa, naye alikuwa mtu wa hamsini na moja kwenye foleni. "Muulize mama wa dirishani, nimemchosha kwa maswali. Shangazi, ile karakana ndiyo mikono yangu. Ikiuzwa mimi nakwenda wapi?"

Inspekta alimrudishia karatasi yake. Njia aliyoifuata asubuhi nzima ilikuwa imemfikisha kwenye foleni ya dawa, na saa ilikuwa tano na dakika tano.

Binti wa mzee alikuwa ukumbini, ameshika mfuko wa nguo za baba yake. Alipomwona nesi kwa mbali alikaza taya.

"Bado yuko huru huyu? Baba alimwita mwanangu. Mwanangu! Kumbe anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Alikufundisha namna ya kukaa na baba yako?"

"Alitufundisha, ndiyo. Kushoto, kulia, ubongo, sijui nini. Mimi sikushika yote. Nyumbani tunaambizana kwa kifupi tu, usipite ukutani, Baba hakuoni."

"Nani na nani mnaambizana?"

"Sote. Binamu, mume wangu, hata watoto wanajua."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake, *ukutani*, akalipigia mstari.

Mume wa binti alikuwa nje kwenye kivuli cha jengo, suruali imepigwa pasi ikasimama, leso safi mkononi. Alikuwa mtu wa kauli laini, wa kumvutia mgeni kiti.

"Jana uliingia nane na ishirini."

"Niliishia mlangoni, mama. Nikamwona Baba kalala, nikarudi. Kusema kweli sijawahi kuvuka kizingiti kile. Roho yangu nyepesi kwa wagonjwa."

"Mafunzo ya nesi je?"

"Hayo namwachia mke wangu. Mimi mambo ya ubongo siyajui hata harufu."

"Huyo nesi unamwonaje?"

Alihema. "Sipendi kumsema mtu. Lakini Baba hana sababu ya kudanganya."

"Hana," alikubali Inspekta. "Kasema kweli tupu."

Aliporudi ndani alimwomba nesi amsomee mpango wa huduma, ukurasa wa leo. Nesi alisoma kwa sauti. Siku ya ishirini na moja, mgonjwa ahamishiwe kitanda cha upande wa pili, ili kushoto kwake kuelekee njia na watu, ubongo ulazimike kugeuka.

"Siku ya ishirini na moja ni lini?"

"Ni leo. Lakini anaondoka, tuliona haina maana."

"Ina maana kuliko unavyojua. Mhamisheni."

Matroni alipinga, akakubali, akapinga tena, kisha akashika mwenyewe pembe ya shuka. Dakika kumi baadaye mzee alikuwa kwenye kitanda cha kushoto. Sasa ubavu wake wa kushoto, na ngumi yenye wino, vilitazama njia. Ubavu wa kulia, ule anaouona na kuutumia, ndio uliokuwa ukutani. Kwenye kitanda cha zamani walivuta pazia.

Nesi alimulika macho ya mzee, moja baada ya jingine. Akamwita. Mzee hakufungua. Akamwita tena na kumgusa bega, ndipo kope zikainuka nusu, zikashuka.

"Anazama, Afande," alisema. "Nusu saa iliyopita kumwita kulitosha. Ukihitaji neno lake, huenda usilipate."

"Mkono wa kulia je?"

Nesi aliweka vidole viwili kiganjani mwa mzee. "Nibane, mzee." Vidole vya fundi vikafumba, nesi akakunja uso kwa maumivu. "Huu haujapungua kitu."

Inspekta alikwenda ukumbini walikokuwa ndugu watatu. Alisema kwa sauti ya kuchoka, kama mtu anayesoma tangazo.

"Tumepata wino kwenye dole gumba la mzee. Mtaalamu atafika baada ya dakika ishirini aupime, tujue ni wino wa nani. Mpaka hapo marufuku kumwosha. Lakini gari linakuja, siwezi kuwanyima kumuaga. Mtaingia mmoja mmoja."

Hakusema mkono upi. Hakuna aliyeuliza.

Kisha akapita mlango wa nyuma wa wodi, akaingia nyuma ya pazia alipokuwa Koplo, akaketi ukingoni mwa godoro. Palikuwa na tundu la kutosha jicho moja.

Binti aliingia kwanza. Alisimama njiani, akababaika kumkuta baba yake kahamishwa, akazunguka hadi ukutani alipokumbuka kushoto na kulia, kisha akarudi, kichwa kimemvurugika. Mwishowe alimbusu kipajini na kutoka akilia. Mzee hakuamka. Mpwa alisimama miguuni, akazishika nyayo za mjomba wake kwa mikono miwili, akaenda. Mzee hakuamka.

Inspekta alitazama saa. Tano na dakika arobaini.

Mume wa binti aliingia bila sauti. Alisimama kwenye kizingiti ambacho hajawahi kukivuka, akalitazama pazia, akakitazama kitanda. Alisikiliza. Kisha akaenda upande wa pili wa chumba, akageuza bega, akavuta tumbo, na kupenya uchochoro wa ukutani mpaka karibu na mto.

Koplo aliinuka nusu. Inspekta alimkamata mkono kumzuia.

Mume wa binti alitoa leso mfukoni. Harufu ya spiriti ikafika nyuma ya pazia. Aliutoa mkono wa mzee chini ya shuka, ule uliokuwa ukutani, akalibana dole gumba ndani ya leso na kuanza kusugua, haraka haraka, akitazama mlango. Alisugua, akaangalia, akasugua tena. Dole lilikuwa safi tangu mwanzo. Akaligeuza huku na huku asielewe.

Ubaridi wa spiriti ulifanya kazi ambayo sauti ya nesi ilikuwa imeshindwa. Macho ya mzee yalifunguka yote mawili, yakamkuta mtu aliyemwinamia upande wa kulia, yakamtambua. Vidole vilivyoshika vibisibisi miaka arobaini vikafumba juu ya leso na juu ya mkono ulioishika.

"Mkwe wangu," alisema mzee. Nusu ya mdomo wake ilitabasamu. "Ni wewe. Wiki tatu hujaja kuniona, nikasema labda nilikukosea."

Mume wa binti alivuta mkono. Haukutoka.

"Kaa, baba. Wanakwenda kunipasua. Kaa kidogo na mimi."

Inspekta alivuta pazia. Mlangoni binti alikuwa amesimama na mfuko wake wa nguo, na nyuma yake nesi na matroni. Binti alimtazama mumewe aliyebanwa kati ya kitanda na ukuta, akaitazama leso, na mfuko ukamponyoka.

"Uliniambia mambo ya ubongo huyajui hata harufu," alisema Inspekta. "Nani alikuambia upite ukutani?"

Mume wa binti aliacha kuvuta mkono. Macho yake yalimwendea mke wake, na hapo ndipo jibu lilipokuwa, naye akalijua.

"Nilikuwa namfuta jasho," alisema mwishowe.

"Mkono mwingine, bwana. Dole ulilitia kwa huu," na Inspekta akauinua ule wa kushoto, ngumi yake imefumbwa, ukiwa upande wa njia, mbele za watu wote. "Jana ulikuwa ukutani."

Koplo alizunguka kitanda. Ilibidi nesi amwinamie mzee na kumbembeleza ndipo akaachia, kidole kimoja kimoja, akinung'unika kwamba wageni wa siku hizi hawakai.

Honi ya gari la wagonjwa ilisikika uani. Matroni alichomoa chati kwenye ndoano ya kitanda, akaishika kidogo, kisha akampa nesi bila kumtazama. Binti alikuwa amekwisha kaa upande wa njia, akajikumbusha, akainuka, akapita ukutani na kuushika mkono wa baba yake.

Nesi alimulika macho, akasikiliza pumzi, akatoa kalamu. Akaandika kwenye chati:

*Saa tano na dakika hamsini. Amefungua macho mwenyewe. Anawatambua ndugu. Mkono wa kulia: nguvu kamili.*